Fangasi wa Tumboni na Ugonjwa wa Ukoo: Jibu kwa Dada wa Tabata

SWALI

Shikamoo daktari. Naishi Tabata na familia yangu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Kwa miaka 2 aliharisha na kukonda, akatibiwa amiba, kisha taifodi, kisha amiba tena. Mwaka huu alipimwa kwa kamera, wakakata kinyama kupeleka maabara, wakasema hana TB, ana ugonjwa wa Crohn. Akaanzishiwa prednisoloni na azathiopirini, akapata nafuu kweli. Lakini kwenye majibu yake ya damu kumeandikwa ASCA chanya. Muuza dawa mmoja Kariakoo alipoiona alituambia maana yake fangasi wamejaa tumboni na kwenye damu, na kwamba dawa za hospitali zinawalisha. Ametuuzia flukonazoli, dawa ya fangasi, ya miezi 3 na unga wa mitishamba, tumeze familia nzima, na tuache hamira. Mdogo wangu ameacha dawa za hospitali, leo siku ya nne. Mama huuza maandazi asubuhi, naye amefunga biashara kwa hofu ya hamira. Mimi nimeposwa. Mshenga amerudi na neno kwamba upande wa mchumba wamesikia huu ni ugonjwa wa ukoo, kwa sababu hata mjomba wetu marehemu alikufa na tumbo, na wanataka nipime vinasaba kabla ya mahari. Je, ni fangasi au ni damu ya ukoo? Nifanye nini?

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na lile lisilosubiri. Siku ya nne bila prednisoloni ni hatari kuliko fangasi yeyote uliyemtaja. Mtu akimeza dawa ya jamii hiyo kwa wiki kadhaa, tezi ndogo zilizo juu ya figo, ambazo kila siku hutengeneza homoni inayofanana nayo, hulala. Ukiikata ghafla, mwili unabaki bila ya kumeza na bila ya kwake. Presha inaweza kushuka, akatapika, akalegea, homa ndogo tu ikamwangusha. Mrudisheni leo kwa daktari aliyemwandikia, aamue aanze tena kwa kipimo gani na apunguze kwa hatua zipi. Kama sasa hivi anatapika, amelegea, au anaona kizunguzungu akisimama, msisubiri siku ya kliniki. Nendeni idara ya dharura, na neno la kwanza mapokezi liwe hili: alikuwa anameza prednisoloni, ameiacha ghafla.

Azathiopirini haina hatari hiyo ya ghafla, lakini ni dawa ya subira. Huchukua wiki 8 hadi 12 kuanza kushika. Mkiiacha leo mnaitupa miezi aliyokwisha kuivumilia.

Baada ya hapo kaa chini usome yaliyobaki polepole, kwa sababu swali lako ni zuri kuliko majibu mliyouziwa. Umeuliza ni fangasi au ni damu ya ukoo. Watafiti wamekuwa wakiuliza karibu hivyo hivyo, na walichokikuta ni kwamba vyote viwili vimo, vimeshikana mikono, na hakuna hata kimoja kilichomo kwa namna ya muuza dawa wala kwa namna ya mshenga.

Kwanza jina, maana Dar es Salaam jina hili linapotea njiani. Mgonjwa akiambiwa ana vidonda kwenye utumbo, nyumbani inafika "vidonda vya tumbo", na jirani anamletea vidonge vya asidi. Vidonda vya tumbo vya kila siku viko kwenye mfuko wa chakula au pale unapoanza utumbo mwembamba, na mara nyingi chanzo chake ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori au dawa za maumivu. Crohn ni jambo jingine. Ni utumbo kuvimba na kuchubuka kwa vipindi, popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila hupenda zaidi pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Jina limetokana na Burrill Crohn, mmoja wa madaktari 3 wa New York walioueleza mwaka 1932. Una ndugu yake, kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utumbo mpana peke yake. Yote mawili ni ya muda mrefu: hutulia, yakaamka, yakatulia tena.

Nimefurahi kusoma kwamba TB iliangaliwa. Hapa kwetu hilo ni la lazima, kwa sababu TB ya utumbo hupenda kona ile ile, hukondesha vile vile, na kwenye kamera huonekana karibu sawa. Mtu mwenye TB akipewa dawa za kutuliza kinga, kama hizi mbili za mdogo wako, TB inapata uwanja. Mtu mwenye Crohn akipewa dawa za TB, anapoteza miezi. Kwa hiyo ikitokea mdogo wako akaanza kutoka jasho usiku, kukohoa au kukonda upya akiwa kwenye matibabu, swali la TB lifunguliwe tena hata kama lilifungwa mwanzo. Muulizeni daktari pia kama alipimwa homa ya ini B, VVU na minyoo inayoitwa strongiloidi. Huyu wa mwisho husahaulika. Anaishi kimya tumboni miaka mingi, lakini mtu akimeza dawa kama prednisoloni anaweza kuzaana kupita kiasi na kusambaa mwilini.

Sasa fangasi.

Ndani ya utumbo wako wewe uliye mzima, sasa hivi unaposoma, wamo fangasi. Wamo kwa mchumba wako, wamo kwa mshenga, wamo kwangu. Ukilinganisha na bakteria ni wachache mno, hawafiki 1 kati ya 100 ya viumbe vidogo vya humo, lakini karibu kila mtu mzima anao. Kuna kandida, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la fangasi wa ukeni au utando mweupe mdomoni kwa mtoto mchanga. Kuna hamira, ile ile ya mama, inayoingia na chakula na kutoka. Kuna pia Malassezia, ambaye makazi yake ni ngozi ya binadamu: ndiye anayehusika na mba za kichwani na yale mabaka meupe ya kifuani na mgongoni wakati wa joto la Dar. Huyo naye hupatikana utumboni.

Basi kama wote tunao, kwa nini mmoja anaugua? Hapa ndipo vinasaba vinapoingia, na naomba unifuate taratibu.

Mtaani kwenu mna ulinzi shirikishi. Vijana wanazunguka usiku, mmoja akigusa geti lililoachwa wazi au kumwona mtu asiyemtambua, anapiga filimbi, wengine wanakuja. Utumbo nao una walinzi wake, chembe nyeupe za damu zilizojipanga chini ya ngozi laini ya ndani. Baadhi yake zina kipokezi kiitwacho Dectin-1, ambacho kazi yake ni kupapasa. Ukuta wa fangasi umejengwa kwa aina ya sukari ambayo mwili wa binadamu hauna, na Dectin-1 ikiigusa inatambua mara moja: huyu ni fangasi. Lakini kutambua hakutoshi, lazima filimbi ilie. Filimbi hiyo ni protini inayoitwa CARD9. Ndiyo inayopeleka habari ndani ya chembe, chembe ikamwaga kemikali za kuita wenzake, na mahali pale pakavimba.

Angalia sasa kinachotokea filimbi ikiwa na tofauti za kuzaliwa. Wapo watu wachache sana ambao CARD9 yao haifanyi kazi kabisa. Mwaka 2009 watafiti waliieleza familia moja ya Iran iliyokuwa hivyo. Kandida, ambaye kwangu na kwako hukaa kwa adabu, kwao alipenya hadi kwenye ubongo. Kimya cha filimbi kinaua. Kisha kuna watu wengi, watu wa kawaida kabisa, wenye badiliko la herufi moja kwenye jeni ya CARD9, yaani kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kuitengeneza, badiliko wanaloliita S12N. Kwao filimbi inalia, na inalia kwa nguvu kupita inavyostahili. Hao uwezekano wao wa kupata Crohn au kolaitisi ya vidonda umepanda kidogo. Na wapo wa tatu, adimu, ambao CARD9 yao imekatika mkiani. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hao wamekingwa na magonjwa haya. Jeni moja, watu wa aina 3, na tofauti yote iko kwenye namna mwili unavyompokea fangasi yule yule.

Mimi nimefanya kazi ya matumbo miaka mingi, na hii ni moja ya habari zilizonibadilisha namna ya kumtazama mgonjwa. Zamani tulimtafuta mwizi. Siku hizi nauliza mlinzi amesikia nini.

Mwaka 2019 watafiti wa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, Marekani, waliunganisha nyuzi hizi. Waliangalia fangasi walioganda kwenye ukuta wenyewe wa utumbo wa wagonjwa wa Crohn, wakamkuta Malassezia restricta, yule wa mba, na alionekana hasa kwa wagonjwa wenye ile herufi ya S12N. Walipochukua chembe za kinga za watu wenye herufi hiyo na kuzikutanisha na Malassezia, zilitoa kemikali za uvimbe kwa wingi zaidi. Panya waliopewa Malassezia, utumbo wao ulipojeruhiwa kwa kemikali, waliumwa zaidi. Panya wasio na CARD9 hawakupata nyongeza hiyo ya ugonjwa. Kwa hiyo alihitajika fangasi, ikahitajika na filimbi, na ulihitajika utumbo uliokwisha kujeruhiwa.

Ukiishia hapo unaweza kusema: basi tuwaue fangasi, kelele iishe. Muuza dawa wa Kariakoo ameishia hapo. Sayansi haikuishia hapo.

Mwaka 2012 timu hiyo ya Los Angeles ilichapisha habari za panya waliozaliwa bila Dectin-1. Utumbo wao ulipojeruhiwa, kandida mmoja alipenya ukutani na wakaumwa vibaya. Walipopewa flukonazoli wakapata nafuu. Muuza dawa angeshangilia. Miaka 4 baadaye watafiti kutoka maabara hiyo hiyo waliwapa panya wa kawaida dawa za fangasi kwa muda mrefu, kisha wakawajeruhi utumbo. Hao wakaumwa zaidi kuliko ambao hawakupewa dawa. Kandida alikuwa amepungua, ila nafasi yake ikashikwa na fangasi wengine ambao hapo mwanzo walikuwa wachache. Ni kama kuwafukuza wapangaji unaowajua usiku mmoja, asubuhi ukakuta chumba kina wageni usiowajua. Na panya wasio na CARD9 kabisa, katika majaribio mengine, nao kolaitisi iliwashika zaidi, kwa sababu bakteria wao wa utumboni walishindwa kutengeneza vitu fulani vinavyosaidia ukuta kupona. Filimbi ikizidi inaumiza, ikikosekana inaumiza.

Hao ni panya, na utumbo wa mdogo wako si wa panya. Lakini inatosha kukuonyesha kwa nini mtu anayekuuzia kopo la miezi 3 na kukuambia "safisha" anakuuzia kitu ambacho hata maabara haijakubaliana nacho. Kandida mwenyewe hafanani mtu kwa mtu. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba baadhi ya aina zake, zilizochukuliwa kwa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda, zina sumu iitwayo kandidalisini inayochubua na kuchokoza kinga, na nyingine hazina makali hayo. Kipimo cha kukuambia mdogo wako ana aina ipi hakipo kwenye kliniki zetu, na hakuna mwongozo wa matibabu ya Crohn unaosema mgonjwa apewe flukonazoli kwa sababu tu ana Crohn.

Nije kwenye ile karatasi yenu. ASCA ni kingamwili, yaani alama ambazo mwili umetengeneza dhidi ya sukari iliyo kwenye ukuta wa hamira. Chanya maana yake kinga ya mdogo wako imewahi kukutana na sukari ya aina hiyo kwa hasira. Haina maana kwamba hamira inaogelea kwenye damu yake. Wagonjwa wengi wa Crohn, karibu nusu au zaidi, wanazo, na watu wachache wazima wanazo pia. Watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba hata kandida anaweza kuuchochea mwili kuzitengeneza, kwa kuwa sukari za kuta zao zinafanana. Katika damu iliyokuwa imehifadhiwa ya askari wa Israeli, kingamwili hizi zilikutwa kwa baadhi ya watu miaka kabla hawajaonekana wagonjwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2005. Mimi naisoma hivi: ukuta wa utumbo ulishaanza kuvuja na kinga ilishaanza kugombana na wakazi wa kawaida, kabla tumbo halijasema. Ni kumbukumbu ya ugomvi, na haituambii nani aliuanza. Tena kwa nchi yenye TB kama yetu kipimo hiki kina udhaifu mkubwa, maana wagonjwa wa TB ya utumbo nao hutoka chanya mara nyingi. Ndiyo sababu daktari wenu hakukitegemea, akataka kinyama.

Jambo moja kuhusu ile miaka 2 ya amiba na taifodi. Kila dozi ya antibiotiki inawapunguza bakteria, na bakteria ndio majirani wanaomzuia kandida asijitanue. Sisemi dozi zile ndizo zilizomletea Crohn. Lakini kama kuna kitu kinachowapa fangasi nafasi tumboni, ni hicho, kuliko andazi. Kuharisha kunakozidi wiki 4, kukiwa na damu, kukonda, homa au kuamka usiku kwenda chooni, hakustahili dozi ya tatu ya amiba. Kunastahili rufaa. Muhimbili na Mloganzila kuna wataalamu na kamera za kazi hiyo, na baadhi ya hospitali binafsi za jijini pia.

Flukonazoli yenyewe ni dawa nzuri, ikiwa mahali pake. Kwa mtu mwenye VVU aliyepata homa ya uti wa mgongo ya fangasi aitwaye kriptokokasi ni sehemu ya kumwokoa, na ni kwa ajili ya watu kama huyo tunapaswa kuitunza isizoeleke kwa fangasi. Ikimezwa miezi bila sababu inaweza kuumiza ini, kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu, na kugongana na dawa nyingine. Wewe binafsi, unayekaribia kuolewa na pengine kubeba mimba, usiimeze: dozi kubwa za muda mrefu katika miezi ya mwanzo ya ujauzito zimehusishwa na ulemavu kwa mtoto. Kama kwenye mfuko mliopewa kuna vidonge vya ketokonazoli, viacheni kabisa. Tangu mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zimeviwekea mipaka mikali kwa sababu ya ini. Unga wa mitishamba siwezi kuusemea nisioujua, ila mgonjwa anayemeza azathiopirini anapimwa ini na damu mara kwa mara, na kitu kisichojulikana kilichomo kwenye unga kinaweza kutuchanganya sote tukadhani dawa ndiyo imemdhuru.

Kuna wakati mdogo wako atahitaji kweli dawa ya fangasi. Dawa zinazotuliza kinga zinaweza kumletea utando mweupe mdomoni, au maumivu akimeza hata maji. Huo ni ugonjwa halisi wa kandida, unaonekana kwa macho au kwa kamera, unatibika kwa siku chache. Akipata hayo aende, asinunue mwenyewe. Na kama mtu atamletea vile vidonge vya chachu "nzuri", Saccharomyces boulardii, mwambie vilijaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn waliokuwa wametulia, majibu yakachapishwa mwaka 2013: havikuzuia ugonjwa kurudi.

Sasa neno la mshenga.

Ni kweli Crohn ina mkono wa ukoo. Mwaka 2001 timu 2 za watafiti zilitangaza jeni ya kwanza, NOD2, ambayo hutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Tangu hapo maeneo zaidi ya 200 kwenye vinasaba yamehusishwa na magonjwa haya, na CARD9 ni mojawapo. Lakini sikiliza uzito wake. Mapacha wanaofanana wana vinasaba vilevile vya kuzaliwa. Mmoja akipata Crohn, mara nyingi mwenzake haipati. Kwenye kolaitisi ya vidonda hali hiyo ya kupata wote wawili ni adimu zaidi. Ndugu wa kawaida wa mgonjwa, kama wewe, wana uwezekano mkubwa kuliko mtu wa mtaani, na bado zaidi ya 90 kati ya 100 hawaugui. Watoto utakaowazaa watakuwa wapwa wa mgonjwa, hatua moja mbali zaidi. Sigara, antibiotiki za utotoni, chakula, maisha ya mjini, na hao viumbe vidogo tuliowasema, vyote vinaingia kwenye hesabu hiyo.

Kipimo cha vinasaba kilichoombwa na upande wa mchumba hakipo kwa maana wanayoitaka. Hakuna maabara inayoweza kuchukua damu yako ikasema wanao wataugua au hawataugua. Tena zile herufi za NOD2 zinazotajwa sana zilipatikana kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika ni adimu. Hata kwa Wamarekani weusi, mara nyingi zilipoonekana zilikuwa zimetokana na mchanganyiko wa damu ya Ulaya. Sehemu kubwa ya utafiti huu wote umefanywa kwa watu wasiofanana nasi. Linanisikitisha jambo hilo, kwa sababu jeni zetu huenda zina habari ambazo bado hazijasomwa. Ila kwa leo maana yake ni hii: karatasi safi isingekukinga, na karatasi yenye herufi isingekuhukumu. Msitoe fedha ya mahari kununua karatasi hiyo.

Na mjomba. "Alikufa na tumbo" inaweza kuwa TB, saratani, ini, kichocho cha tumbo, utumbo kujifunga, mambo kumi. Marehemu hakupimwa. Msimfanye shahidi.

Vinasaba vinapokuwa na kazi kliniki ni mahali pawili. Mtoto mdogo sana, chini ya miaka 6, mwenye ugonjwa mkali wa namna hii, huyo anachunguzwa, maana wapo wenye kasoro ya jeni moja tu, kama ile ya kipokezi cha IL-10, kemikali ya mwili inayotuliza uvimbe, iliyoelezwa mwaka 2009, na matibabu yao ni tofauti kabisa. Mahali pa pili panamhusu mdogo wako: jeni iitwayo TPMT, inayosaidia mwili kuivunja azathiopirini. Mtu aliyerithi nakala mbovu pande zote mbili anaweza kuishiwa chembe za damu kwa dozi ya kawaida. Aina mojawapo, TPMT*3C, ndiyo inayoonekana zaidi kwa Waafrika. Kipimo chake hakipatikani kila mahali, kwa hiyo tunatumia njia ya mkono: picha kamili ya damu kila baada ya wiki moja au mbili mwanzoni, kisha kwa nafasi. Asikose hata moja. Akipata homa, vidonda vya mdomo au kutokwa damu ovyo, apime siku hiyo hiyo.

Kwa mshenga sema hivi, kwa adabu yake: ndugu yetu ana ugonjwa wa utumbo usioambukiza, anatibiwa, daktari amesema ndugu wengi wa wagonjwa hawaupati, na hakuna kipimo cha kumtabiria mtoto. Kama mama mkwe mtarajiwa ana wasiwasi bado, njooni wote kliniki siku ya zamu ya mdogo wako, aulize mwenyewe. Nimewahi kukaa na familia mbili za posa kwenye chumba kimoja na mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko kila mtu alivyotarajia. Wewe mwenyewe huna haja ya kupimwa chochote ukiwa huna dalili. Ukiona damu chooni, au kuharisha kukapita mwezi, njoo. Siku hizi kuna kipimo cha choo, kalprotektini, kinachoonyesha kama utumbo umevimba kabla hatujafika kwenye kamera.

Mdogo wako kama anavuta sigara aache, kwa Crohn hilo lina uzito wa dawa. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani asizizoee, zinaweza kuamsha ugonjwa. Akiumwa kichwa anywe panadoli. Siku ya kwenda kliniki bebeni kila kitu: karatasi ya ASCA, majibu ya kinyama, pakiti za flukonazoli, na ule unga kwenye mfuko wake. Msifiche kwa aibu. Daktari akijua alichomeza atapanga vizuri.

Limebaki la mama. Hamira inakufa kwenye moto; andazi linapotoka kwenye mafuta hakuna chachu iliyo hai ndani yake. Hakuna uthibitisho unaotosha kumnyima mgonjwa wa Crohn mkate wala andazi kwa sababu ya hamira. Tumbo likiwa limeamka ale chakula laini, kwa mafungu madogo, uji, wali, ndizi za kupikwa, na kama kamera ilionyesha mahali pamebana, aachane na maganda na mbegu ngumu; mafuta mengi yanaweza kumsumbua siku hizo, basi andazi lingoje. Akitulia, ale. Wateja wa mama hawana hatari yoyote. Akande unga usiku wa leo, kesho asubuhi afungue.